Vitambaa Thelathini na Kimoja

Hospitalini walimwita Dekio, na yeye hakulalamika. Wapo watu walioitwa majina mabaya zaidi kwa kazi nyepesi zaidi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amedeki wodi tatu na korido moja, ile korido ndefu ambayo ukifika mwisho wake, mwanzo umeshakanyagwa. Mtu mwingine angepata falsafa kutokana na korido kama hiyo. Dekio alipata maumivu ya kiuno.

Kazini hakuwa na mchezo. Ndoo nyekundu ya vyoo, ndoo ya buluu ya wodi, ndoo ya kijani ya jikoni, kila ndoo na tambara lake, na ole wake mgeni wa kazi atakayechovya tambara la nyekundu kwenye buluu. Daktari bingwa, mtu mwenye vyeti vya kujaza ukuta, aliwahi kusimamishwa mlangoni mguu mmoja hewani kama korongo kwa sababu sakafu ilikuwa mbichi.

"Subiri ikauke, daktari," Dekio alimwambia. "Ugonjwa umesubiri tangu jana, hautakimbia."

Daktari akasubiri.

Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakutaja sababu, pengine kwa kuwa hawakumwuliza mganga anarudi nyumbani saa ngapi. Dekio alirudi jioni, miguu imevimba ndani ya viatu vya mpira, vidole vimekunjamana na kuwa vyeupe kwa klorini. Nyumbani kulikuwa na ndoo moja, iliyowahi kuwa ya rangi ya ukuta, na ndoo hiyo ilifua, ikaogesha, ikadeki. Kulikuwa na tambara moja, lililowahi kuwa fulana ya mumewe. Lilianzia mezani, likapitia jikoni, likamalizia sakafuni, na kesho yake likaanzia tena mezani. Dekio alilitazama tambara hilo kila jioni na kusema moyoni, Jumapili nitalitupa. Jumapili alilala.

Mumewe alikuwa fundi saa. Saa za mtaa mzima zilipita mikononi mwake, na hakuna hata moja iliyomfundisha kufika mahali kwa wakati. Alikuwa mpole, hakunywa, hakupiga mtu, na katika miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kushika fagio. Si kwa ubaya. Alidhani tu kwamba nyumba, kama saa nzuri, ikishatiwa ufunguo hujiendesha.

Aliyeitia ufunguo alikuwa mama yake.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa na sebule. Nyumba ilikuwa ya watu watatu tu, watoto wameshaolewa na kutawanyika, lakini sebule haikuwa ya yeyote kati yao. Ilikuwa ya mgeni wa maana. Makochi yaliingia humo miaka kumi na tisa iliyopita, seti nzima, na nailoni ya dukani haijatoka mpaka leo. Juu ya nailoni vilikaa vitambaa vya kufuma, kazi ya mikono ya mama mkwe mwenyewe: mgongoni, mikononi, mezani, juu ya redio isiyowashwa, na kimoja juu ya kitambaa kingine kwa sababu kilibaki. Thelathini na kimoja. Pazia lilifungwa mchana kutwa ili jua lisifubaze makochi. Wenye nyumba walikula kwenye ukumbi mwembamba wa nyuma, juu ya mkeka, magoti yamegusana.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo. Katika miaka kumi na tisa wageni wa maana walikuwa wajumbe wa posa, mara mbili, na afisa wa sensa mara moja, ambaye alikaa kwa makosa na kunyanyuliwa kwa adabu. Mwenyeji hakupona. Mwenyeji alikuwa kazini akideki.

Kisha yakaja ya mguu. Asubuhi moja, katika giza lile la kulindia makochi, mama mkwe alikuwa akizunguka kunyoosha vitambaa vyake, akajigonga kidole kwenye mguu wa kochi. Ana kisukari; hakusikia maumivu ya maana. Alisikia aibu kidogo, akafunga kidole kwa kipande cha kanga na kunyamaza wiki tatu. Alipofikishwa hospitalini, vidole viwili vilikuwa havina tena cha kuzungumzwa. Vikaondolewa.

Akalazwa wodi ya pili, kitanda cha sita. Kwa hiyo kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi na saa nane mchana, Dekio alideki chini ya kitanda cha mama mkwe wake, na mama mkwe akainua shingo kutoka kwenye mto kumtazama.

"Hapo umeruka."

"Wapi, mama?"

"Hapo. Karibu na gurudumu. Au mnalipwa kwa mita?"

Wagonjwa wa jirani walicheka. Dekio alirudi karibu na gurudumu. Katika wodi nzima alikuwa hajawahi kukosolewa na mtu, hata msimamizi. Sasa alikuwa na mkaguzi wa kudumu, mwenye mguu uliofungwa na macho mazima.

Lakini alijua asichokijua mkaguzi. Alijua wodi ile kwa upande wa chini, ambako ndiko mambo huonekana. Mgonjwa wa kitanda cha nane aliingia na kidole, akaondoka bila goti. Wa kitanda cha tatu vivyo hivyo. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na wagonjwa kumi na saba, na kidonda ni kama mtu mwenye maneno, hakikai karibu na kingine bila kuambizana. Dekio aliweza kudeki mara mbili kwa siku. Hakuweza kudeki hewa.

Jumatano daktari akasema waziwazi. Kidonda kinaendelea vizuri. Kikitunzwa nyumbani, mahali pasafi, muuguzi akienda kukifunga mara tatu kwa wiki, mguu utabaki. Kikiendelea kukaa humu, haahidi. Ila ruhusa haitoki mpaka muuguzi wa majumbani aione nyumba na kutia sahihi. Atakuja Jumatatu. Nyumba ikikataliwa, mama atabaki palepale.

"Nyumba yangu ikataliwe?" mama mkwe alisema, akageuza uso kumtafuta shahidi. "Nyumba yangu? Afisa wa sensa mwenyewe aliisifu." Kisha akamshika Dekio mkono. "Sikiliza, mke wa mwanangu. Vitambaa. Vyote. Vifuliwe, vitiwe wanga, vipigwe pasi. Visikunjwe kona. Na nailoni ufute kwa maji ya uvuguvugu, usisugue, inakwaruzika. Huyo muuguzi akiingia tu, akiona sebule, amekwisha."

"Mama, nadhani ataangalia mambo mengine."

"Mambo gani?"

Dekio alifikiria pipa la maji. Alifikiria chumba cha nyuma, ambacho mama mkwe alilala, kisicho na dirisha, ukuta wake umeota ukungu kimo cha mtoto. Alifikiria tambara.

"Basi, mama," alisema. "Nitavifua."

Hilo ndilo linalouma katika habari hii: alijua. Hakuna mtu katika hospitali ile aliyejua zaidi yake uchafu hukaa wapi. Lakini uchovu una tabia ya utii. Mtu aliyechoka hafuati akili yake, hufuata sauti iliyosema mwisho. Alikuwa na Jumapili moja, na ruhusa ya kuingia kazini Jumatatu mchana. Akaitumia yote kwa vitambaa thelathini na kimoja. Alivifua kimoja kimoja, akavitia wanga, akavianika, akavipiga pasi akiwa amesimama kwa sababu angekaa asingenyanyuka. Jioni vilikuwa vyeupe na vigumu kama mikate mikavu. Akavipanga. Akafuta nailoni kwa maji ya uvuguvugu, hakusugua. Alipomaliza, akaangalia kule nyuma, kwenye pipa na kwenye ukungu, akasema kesho asubuhi na mapema. Kesho asubuhi na mapema muuguzi alikuwa mlangoni.

Alikuwa binti mfupi mwenye mkoba mkubwa na viatu tambarare. Dekio alimjua, alikuwa amewahi kumfukuza kwenye sakafu mbichi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu ndani."

Fundi saa alikuwa amesimama katikati ya sebule, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Alivuta pazia kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Jua likaingia kwa wingi, likakuta mahali penyewe hapalijui, likasambaa juu ya vitambaa. Kwa kweli palipendeza.

"Kaa, muuguzi," alisema, akaonyesha kochi la watu watatu. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema neno hilo katika chumba kile.

"Asante, baba, sikai. Mgonjwa atalala wapi?"

Fundi saa akashusha mkono.

"Kule nyuma," alisema Dekio.

Wakaenda nyuma. Muuguzi alisimama kwenye mlango wa chumba, akanusa, akatoa tochi mkobani ingawa ilikuwa saa mbili asubuhi. Akapitisha kidole ukutani, akakitazama kidole. Kisha akaja ukumbini, akafunua pipa. Kikombe cha plastiki kilikuwa kikielea humo, kwa amani.

"Maji ya kunywa?"

"Ya kunywa," alisema fundi saa. "Na ya mengine."

"Na mnachotea hiki?"

"Hicho hicho. Kinaelea, hakipotei." Alisema kwa fahari kidogo, kama mvumbuzi.

Muuguzi akaokota tambara lililokuwa ukingoni mwa meza. Alilishika kwa vidole viwili. "Hili ni la nini?"

Hapo ndipo Dekio alipotamani ardhi ipasuke. Fundi saa alifungua mdomo aeleze safari ya tambara, mezani, jikoni, sakafuni, na mkewe akamkanyaga mguu.

"La kila kitu," alisema mwenyewe. "Mwanangu, usinitazame hivyo."

"Mama, si wewe uliyenitoa wodini kwa sababu nilibeba ndoo ya kijani kupitia chooni? Nilikuwa nimeibeba tu! Haina hata maji!"

"Ni mimi."

"Ulinisimamisha mbele ya watu ukaniuliza mama yangu alinifunza nini."

"Nilikuuliza."

Muuguzi hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. Aliweka tambara chini, akamtazama Dekio miguuni, kwenye vifundo vilivyovimba tangu asubuhi, akapunguza sauti. "Unaamka saa ngapi, mama?"

"Saa kumi."

"Na Jumapili?"

"Jumapili hii nilipiga pasi," alisema Dekio, na ikabidi ageuke kutazama ukuta.

Muuguzi akafungua karatasi yake, akakaa nayo mkononi bila kuandika. Akarudi sebuleni, akasimama kwenye jua. Akatazama dirisha, akatazama sakafu ya saruji, kavu, isiyo na ufa kwa sababu haijakanyagwa. Akahesabu kitu kwa macho.

"Chumba kile cha nyuma siwezi kukitilia sahihi," alisema. "Nikikitilia, baada ya mwezi tutakata tena. Hiki ninaweza. Kina hewa, kina mwanga, kinakauka. Kitanda hapa chini ya dirisha. Makochi yatoke, vitambaa vitoke vyote, vinakusanya vumbi. Maji ya kunywa yawe na chombo chake chenye mfuniko. Sabuni karibu na mlango. Na matambara, mama, unajua mwenyewe."

"Lakini hii ni sebule ya mama," alisema fundi saa.

"Ndiyo, baba. Basi alale kwenye sebule yake."

"Yeye mwenyewe hakai humu!"

"Na nani atadeki?" aliuliza muuguzi, akiwa tayari ameweka kalamu kwenye karatasi. "Chumba cha kidonda kinadekiwa asubuhi na jioni. Naandika jina la nani?"

Fundi saa akamtazama mkewe, jinsi mkulima anavyotazama wingu: bila wasiwasi, kwa imani.

Dekio alikuwa amechoka kiasi cha kutoweza hata kukasirika. Hasira nayo ni kazi, na zamu yake ilikuwa imejaa. Alisema tu, kwa sauti ya kutoa taarifa: "Andika baba watoto. Mimi nadeki wodi tatu za watu. Mmoja huyu ni wake."

"Mimi?" alisema fundi saa.

"Wewe unafungua saa ya mkononi yenye skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga. Sakafu unaiona bila miwani."

Muuguzi akaandika. Akasema atarudi Alhamisi. Akikuta mambo kama walivyokubaliana, atatia sahihi. Lakini mgonjwa mwenyewe lazima akubali. Hawezi kumpeleka mtu mahali asipotaka kulala.

Na hapo ndipo pagumu palipobaki. Saa nane mchana Dekio aliingia wodi ya pili na ndoo ya buluu, akaanzia kitanda cha kwanza, kama kawaida. Alipofika cha sita akaegemea mpini.

"Amesemaje?" aliuliza mama mkwe. "Ameviona?"

"Ameviona."

"Akasemaje?"

"Kasema vitoke."

Akamweleza yote, la kochi na la dirisha, na la chumba cha nyuma, na la tambara pia, kwa kuwa lingefika hata hivyo. Mama mkwe hakumkatiza, jambo ambalo lilimtisha. Dekio akamaliza kusema, akaendelea kudeki, cha saba, cha nane, mpaka ukutani, akarudi. Mama mkwe alikuwa bado anatazama dari.

"Makochi yataenda wapi?"

"Barazani."

"Barazani! Watu wakae?"

"Makochi hukaliwa, mama."

"Na mgeni akija?"

"Atakukuta wewe."

"Nimelala? Mguu umefungwa, kichwa hakijasukwa? Nimekaa miaka yote hiyo nikiweka mahali pa mtu kuja kunikuta vizuri, wewe unataka anikute hivi." Macho yalikuwa makavu, ila kidevu kilicheza. "Afadhali nibaki hapa. Hapa kila mtu yuko vibaya, hakuna wa kumcheka mwenzake."

Dekio alichovya dekio, akakamua. Angeweza kunyamaza. Kichwani, pale ambapo mtu huhesabu bila kutaka, aliona nyumba yenye watu wawili, Jumapili ya kulala, hakuna wa kusema umeruka. Aliiona vizuri kabisa. Ilikuwa na dirisha.

"Yule wa kitanda cha nane," alisema mama mkwe ghafla. "Yule aliyekuwa akinipa magazeti. Aliruhusiwa?"

"Alihamishwa."

"Nakuuliza wewe unayefagia chini. Aliondokaje?"

Dekio akaacha kukamua. "Bila goti, mama. Aliingia na kidole."

Wodi ilikuwa na kelele zake za mchana, vijiko na makohozi na redio ya mtu. Mama mkwe akavuta shuka mpaka kidevuni, akatazama mahali chini ya shuka ambapo mguu ulikuwa umeinuka kidogo.

"Vitambaa vikunjwe kwa urefu," alisema mwishowe. "Kwa urefu, si kwa upana. Na nikisikia kimoja kimefutiwa meza, mtanizika mkiwa na laana."

"Ndiyo, mama."

"Na hapo umeruka."

Alikuwa ameruka kweli.

Makochi yalitoka Jumatano jioni. Kochi la watu watatu lilikataa mlangoni, kwa kuwa liliingia kabla mlango haujawekewa fremu mpya, na fundi saa ikambidi alifungue miguu kwa bisibisi zake ndogo za kazi, akihema, akilalamika kwamba yeye ni mtu wa usahihi, si wa nguvu. Mguu mmoja wa kochi ulikuwa na doa jeusi, kavu. Waliliona wote wawili. Dekio akalifuta kwa tambara jipya, jekundu, kisha akalitupa lile tambara.

Alhamisi muuguzi akatia sahihi. Ijumaa mama mkwe aliingia nyumbani kwake kwa mlango wa mbele, amebebwa kwenye kiti cha magurudumu, amefumba macho mpaka alipowekwa kitandani. Alipoyafumbua, jua lilikuwa juu ya miguu yake. Alilitazama kwa chuki muda mrefu.

"Linafubaza," alisema.

"Hakuna cha kufubaza humu, mama," alisema mwanawe.

Wiki ya kwanza fundi saa alideki kama mtu anayepaka rangi, kidogo kidogo, akiacha visiwa. Wiki ya pili akajifunza kukamua. Mgeni wa maana hakuja. Walikuja majirani wa kawaida, wakanawa mikono mlangoni kwa sababu ndoo ilikuwa hapo na mama mkwe hakumruhusu yeyote kupita bila kunawa, wakakaa kwenye stuli wakamsimulia ya mtaani. Aliwaambia wanyamaze wakiongea upuuzi, na wakiondoka aliuliza mbona wanaondoka mapema. Wiki ya nne muuguzi alifungua bandeji, akamwita Dekio aje aone. Nyama ilikuwa nyekundu, safi, imeanza kufunga pembeni.

"Mguu huu mnao," alisema.

Dekio akaitikia kwa kichwa. Alidhani angefurahi zaidi, na pengine angefurahi, kama asingekuwa ametoka kwenye ile korido. Alimsindikiza muuguzi mpaka barazani. Akabaki pale, viatu vya mpira mkononi, mbele ya kochi la watu watatu lililokuwa limeloweshwa na umande na kukauka na jua, nailoni yake imeshaanza kupasuka kona moja.

Akakaa. Nailoni ikalia kwa sauti kubwa, kama kitu kilichoshikwa ugoni. Akasubiri aambiwe anyanyuke. Hakuna aliyesema. Akaegemea nyuma, akanyoosha miguu, akagundua kwamba kochi lenyewe halikuwa zuri hivyo. Lilikuwa gumu, na chemchemi moja ilimchoma ubavuni. Miaka kumi na tisa walikuwa wamelilinda hilo.

Kutoka kwenye dirisha, ambalo sasa lilikuwa wazi mchana kutwa, ulisikika mlio wa dekio likipigwa sakafuni, na mtu akihema kwa usahihi.

"Hapo umeruka," ilisema sauti ya mama mkwe.

"Wapi, mama?"

"Hapo! Karibu na gurudumu. Mkeo hajawahi kuniachia doa kama hilo."

Dekio aliyasikia, maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kuambiwa katika nyumba ile. Alitaka kuyarudia moyoni mara moja, ayahifadhi, lakini kabla hajafika katikati alikuwa ameshalala, mdomo wazi, viatu vimemwanguka mkononi, juu ya kochi la mgeni wa maana.